Korité ya Kila Asubuhi

Kaolack, 4 Machi

Mwanangu Maguette,

Salamu zikufikie wewe, mumeo Bakary, na kila anayekula kwenye sufuria yako huko Libreville. Mimi mwili bado unaniitikia, alhamdulillahi. Goti tu ndilo linalonikumbusha umri kila ninaposujudu. Je, wewe? Ile homa yako ya kuja na kuondoka imekuacha? Usinifiche habari za afya yako ukadhani unanipunguzia mawazo. Unaniongezea.

Idi ya Korité imepita, na mwaka huu imetupita mara mbili. Jumatano magharibi watu walipanda mapaani kutafuta mwezi. Wengine wakasema wameuona, wengine wakasema hao wameona taa ya mnara. Redio ikasema hivi, imamu wa mtaa wetu wa Leona akasema vile. Basi Alhamisi nusu ya mji ikavaa kanzu mpya ikaenda kuswali Idi, na nusu nyingine, sisi, tukaamka kula daku. Jirani yetu Tening alipita na msalaba wake shingoni akaniambia, "Nyinyi Waislamu, kubalianeni basi, mimi nijue lini nije kula." Nilicheka na njaa yangu.

Sasa sikiliza. Hiyo hiyo Alhamisi asubuhi niko uani namenya vitunguu vya kuku wa kesho, mate yamenikauka, mlango ukabishwa. Nikainua macho, namwona kaka Médoune. Mjomba wako, amesimama na kanzu iliyopigwa pasi kali na kofia nyeupe. Mwanangu, tangu mwaka ule alipowarudishia wazee wa kina Waly, aliyekuposa, kokwa zao za kola za posa, hajavuka kizingiti hiki, na mimi sikuvuka chake. Hata mkewe alipofariki nilikwenda matangani, nikakaa na wanawake, nikatokea mlango wa nyuma.

Akasema, "Ngoné, dewenati, Mungu atufikishe mwakani. Nisamehe haki yako iliyo juu yangu."

Na mimi, kisu mkononi, sijui kilichonipata, nikamjibu, "Kwako ni Korité, kwangu ni Ramadhani. Njoo kesho."

Akatazama mbinguni kama anayehakikisha, akasema haya, kesho, akaondoka.

Siku nzima sikutulia. Mtu amekuja kuomba msamaha siku ambayo kwake ni sikukuu na kwangu ni funga: ameomba, au hajaomba? Na ningekufa kabla ya magharibi, ningeandikwa kuwa nimemkatalia ndugu yangu? Nilimwuliza mke wa imamu, naye akasema hata yeye hajui, amwulize mumewe, na mumewe hajanijibu mpaka leo.

Ijumaa narudi kutoka kuswali, namkuta ameshakaa juu ya mkeka. Akasema maneno yale yale. Nikamwitikia kama inavyoitikiwa, kwamba nimesamehe, naye anisamehe, na Mungu atusamehe sote. Lakini nikaongeza, "Hiyo ni haki yangu, kaka. Haki ya Maguette si yangu kuitoa." Akalia. Sijapata kumwona kaka yangu akilia, hata tulipomzika mama. Akala uji wa uwele na maziwa ya mgando, akala kuku, akanywa chai mpaka birika la tatu, na nikasema moyoni, basi, imekwisha.

Leo Jumamosi amekuja tena. Kanzu ile ile, kizingiti kile kile. "Ngoné, dewenati. Nisamehe haki yako." Nikamwambia, kaka, si jana tumemaliza? Akanitazama kama niliyemfukuza. Ikabidi nisamehe upya, naye akalia upya.

Sielewi. Ananifanyia mzaha, au anataka moyo wangu ulainike nimwombee msamaha kwako? Niambie wewe uliye mbali, maana aliye mbali huona vizuri.

Mama yako,
Ngoné


Libreville, 27 Machi

Mama yangu,

Nimepata barua yako kutoka kwa mchuuzi wa vitambaa aliyetua Jumatatu. Nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni, wateja wakingojea wali na samaki, na samaki nikamwunguza. Homa imeniacha. Bakary anakusalimu, anauliza goti lako, anasema upake mafuta ya shea ya moto, ya kwao Mali, si hayo ya dukani.

Nasi tuliswali Idi uwanjani nyuma ya soko, Wasenegali, Wamali, na Wahausa wachache. Sisi mwezi wetu ulikuwa mmoja. Tuliombana msamaha pale pale, watu wasiojuana, nami niliwasamehe wote kwa urahisi kwa sababu hakuna aliyewahi kunifanya lolote.

Mama, usilainike haraka. Nakumbuka siku ile kama jana. Baba alikuwa ameshafariki, na baba zangu wadogo kule Podor wakasema mjomba Médoune ndiye awe mkubwa wa jambo hili. Mimi na wewe tulikuwa chumbani tukisikiliza na kuchungulia nyuma ya pazia. Wazee watatu walitoka Fatick na kikapu cha kola. Wakasalimiana, wakaulizana mvua, wakaulizana ng'ombe. Kisha wakaanza kunong'ona. Baadaye mjomba akasimama na kile kikapu akakirudisha kwenye mapaja ya yule mzee wa katikati, akasema, "Ndoa hii haitakuwa." Basi. Hakusema sababu siku ile, wala kesho yake, wala mpaka mimi napanda ndege. Waly naye hakuambiwa. Wazee wale watatu wameshakufa wote. Kwa hiyo aliyebaki duniani anayejua kwa nini ni mtu mmoja tu, ndiye huyo anayekunywea chai.

Watu huniambia, shukuru, usingempata Bakary. Wanasema kweli. Bakary ni mume kuliko waume. Lakini sipendi kuambiwa nishukuru. Mtu akikusukuma ukaangukia godoro, bado amekusukuma.

Kwa hiyo akija tena kuomba, muulize: kwa nini? Akisema, niandikie. Nikijua ninachosamehe, nitakitazama.

Mwanao,
Maguette


Kaolack, 9 Aprili

Mwanangu,

Nakusalimu kwa salamu ya mtu aliyechoka. Afya ipo, usingizi ndio haba. Barua yako ilifika nami nikiwa sina nafasi hata ya kuketi kuijibu, na utajua kwa nini.

Alikuwa akija kila siku. Wiki ile yote, na iliyofuata. Kila asubuhi kanzu ile ile, hata ukosi ukaanza kuwa mweusi shingoni, na kila asubuhi dewenati, nisamehe. Majirani wakaanza kuchungulia. Yule muuza maziwa wa kona akamuuliza, "Mzee, Korité yako haijaisha tu?" na watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao bila kujua wanacheka nini. Mimi nikaona aibu. Nikaona ananifanya kichekesho mbele ya mtaa mzima. Asubuhi moja nikamfungia mlango usoni. Nikamwambia kwa sauti, wakasikia mpaka msikitini, "Nimekusamehe mpaka nimechoka. Nenda ukamchezee mtu mwingine."

Akaondoka taratibu. Hakurudi kesho yake, wala kesho kutwa. Nilitarajia kupumua, nikashangaa kila mlango ukilia nainuka.

Kisha akaja mwanamume wa mashamba ya chumvi, kule ng'ambo ya mji. Akauliza hapa ni kwa Ngoné? Akasema kuna mzee wameokota kule, ameketi ukingoni mwa birika la chumvi, miguu imepasuka, midomo imekauka, hajui nyumba yake iko wapi. Jina analolijua ni Ngoné tu. Na kila mfanyakazi anayemkaribia anamwomba msamaha.

Nilimpeleka hospitali. Daktari ni kijana, alisema nami kwa upole. Akamwonyesha ufunguo akamwuliza hiki ni nini, kaka akasema ni kitu cha mlango. Akamwuliza tuko mwezi gani, akasema, "Si Korité imeingia leo?" Daktari akaniambia kumbukumbu yake inayeyuka, na imeanza zamani, mkewe alipokuwa hai alikuwa akimfunika, akimjibia, akimvalisha, watu hawakujua. Alipokufa ndipo ukuta ulipoanguka. Mimi niliyekuwa nikitoka kwa mlango wa nyuma ningejuaje?

Fikiria, Maguette. Huyu ni Médoune aliyekuwa akipima karanga za mkoa mzima. Sasa anavaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia na kuniuliza mbona kinabana.

Nimemleta nyumbani. Analala chumba kilichokuwa chako. Kanzu nimeifua.

Na nimemwuliza lile swali lako, nisikufiche. Mara ya kwanza alisema alikataa kwa sababu Waly ni mlevi. Waly, ambaye hata kahawa hakuwa akinywa. Siku nyingine akasema alimwota marehemu baba yako amesimama mlangoni amenyoosha mikono kuzuia. Siku nyingine akasema wale wazee walimdharau, waliketi kabla hajaketi. Na juzi nilipomwuliza akanigeukia akasema, "Kwani nilikataa? Si waliozwa? Wana watoto wangapi sasa?"

Ipi kweli? Ninapolala nazipanga zote nne moja baada ya nyingine, na kila moja naiona inafaa kidogo na haifai kidogo.

Hajui alichokufanya, lakini anajua amekufanya. Akiwa anakula huinua kichwa na kuuliza, "Maguette amesemaje?" Mwanangu, nitumie neno moja tu la kumwambia. Hata la kumridhisha. Atalisahau, lakini angalau atakuwa amelisikia.

Mama yako


Libreville, 22 Aprili

Mama,

Pole. Pole sana, na pole kwa mjomba. Hapa sote wazima.

Nimekaa na barua yako siku nyingi bila kujua nishike wapi. Mwanzo nililia. Kisha nikakasirika kwamba nimelia. Miaka yote hii nilikuwa nikizungumza naye kichwani. Nikikaanga samaki nagombana naye. Nikifua nampangia maneno. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, Mama, siku tutakapokutana hangekuwa na pa kutokea. Na sasa unaniambia yule mtu hayupo, aliyeko ni mwingine, anavaa viatu kinyume. Maneno yangu nimpelekee nani?

Neno la kumridhisha sitaki kulituma. Si kwa ubaya. Nikisema nimesamehe na sijasamehe, nimemdanganya mtu asiyeweza hata kugundua. Hiyo mbaya zaidi.

Bakary anasema wagonjwa wa namna hiyo asubuhi huwa na akili kuliko jioni. Babu yake alikuwa hivyo. Basi muulize asubuhi, ameshakunywa uji, nyumba imetulia, redio umeizima. Usimuulize kama mtu anayedai. Mkumbushe vile walivyokaa, rangi ya mkeka, kikapu. Huenda likaja lenyewe. Nataka sababu moja, Mama. Hata iwe ya kijinga. Hata iwe ni kwamba hakupenda sura ya Waly. Nataka tu kitu nikishike mkononi ndipo nikiachilie.

Uangalie goti lako. Usimbebe peke yako akienda kuoga, mwite Tening.

Mwanao,
Maguette


Kaolack, 1 Mei

Mwanangu,

Salamu na rehema. Nimeandika barua hii mara tatu, na mbili nimechana. Hii naipeleka kabla sijaisoma upya.

Nilifanya ulivyosema. Ilikuwa asubuhi nzuri. Kondoo wa kuchinjwa Idi hii ya Tabaski wamejaa mji, kila nyumba imefunga wake mlangoni, wanalia kutoka barabara hii wanajibiwa na barabara ile, na kaka alikuwa amefurahi, akiwaitikia. Alikunywa uji. Nikazima redio. Nikakaa naye chini nikamwambia, kaka, unakumbuka ule mkeka mwekundu wa mama? Akasema anaukumbuka, una tundu la mkaa pembeni. Kweli lilikuwapo. Nikamwambia, siku wale wageni wa Fatick walipoketi juu yake. Akasema walikuwa watatu, wa katikati ana jicho bovu. Kweli, Maguette. Nikaona leo anasema. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, mbona uliwarudishia kola zao?

Akanitazama usoni, macho yake safi kabisa, kama Médoune wa zamani, akasema, "Si wewe uliyeniambia?"

Nikamwuliza nilimwambia nini.

Akasema, "Ulikuja nyumbani kwangu alfajiri, umejifunika shali. Ukalia. Ukasema akiolewa Fatick utabaki na nani. Ukaniambia nikatae, na nisikutaje."

Kisha akaomba maji. Alipokwisha kuyanywa nikamwuliza tena, akasema wageni gani.

Maguette, sikumbuki. Naapa kwa Aliyeniumba, sikumbuki kwenda kwake alfajiri. Nakumbuka nililia siku hizo, hilo sikatai, mama gani asiyelia bintiye akiposwa? Labda nililia mbele yake. Labda alisikia kilio akakigeuza maneno. Au ni kama ule ulevi wa Waly, jambo alilolitunga ugonjwa wake. Lakini mbona mkeka ulikuwa kweli, na jicho likawa kweli?

Hiyo shali ninayo. Nimeitoa sandukuni nimeitazama kama itaniambia.

Sasa nami najitilia shaka. Jana nilisahau chumvi kwenye wali nikaketi chini kwa hofu, nikasema labda kwetu ni ugonjwa wa ukoo, labda nimeshasahau mengi na sijui kuwa nimesahau. Mtu anajuaje asichokikumbuka?

Ningeweza kukuficha. Hakuna ambaye angejua, yeye ameshasahau kwamba amesema. Lakini ulitaka sababu, na hii ndiyo aliyonipa asubuhi akiwa ametulia, kama ulivyoagiza. Sikuambii kuwa ni kweli. Sikuambii kuwa ni uongo. Sijui, mwanangu.

Andika hata mstari mmoja.

Mama yako,
Ngoné


Libreville, 29 Mei

Mama yangu mpendwa,

Nimefika salama. Bakary alinipokea uwanja wa ndege, amekonda, amekula mikate tu muda wote niliokuwa kwako. Anakushukuru kwa nyama iliyokaushwa na uwele. Goti lako bado linaitikia yale mafuta?

Najua ulishangaa uliponiona nashuka kwenye teksi siku mbili kabla ya Tabaski bila taarifa. Ulidhani nimekuja kugombana, niliona jinsi ulivyoshika mlango. Hata mimi nilipokuwa angani sikujua nakuja kufanya nini. Tukachinja, tukala, tukawagawia majirani, ukanisuka nywele, na siku zote zile hatukulitaja. Ulikuwa ukiningoja mimi, nami nilikuwa naungoja mdomo wangu. Haukufunguka. Ndiyo maana naandika.

Siku ya Tabaski, mlipokuwa uani wewe na Tening mnachoma maini, mimi nilibaki ukumbini na mjomba. Nilikuwa nimekaa naye siku mbili bila yeye kunitambua. Mara aliniita binti wa Tening, mara aliniita muuguzi. Alikuwa amevaa ile kanzu uliyoifua, ananitazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama mgeni wa heshima. Akaniuliza, "Mama, wewe unatoka mbali?" Nikasema natoka Libreville. Akasema Libreville ana mpwa wake, mtoto mzuri, hodari wa kupika, kama namjua nimfikishie salamu.

Nikamwambia namjua.

Akajisogeza kwenye mkeka, akanishika mkono. Mkono wake umekuwa mwepesi, Mama, kama wa mtoto. Akasema, "Basi mwambie anisamehe."

Nilikuwa nimengoja maneno hayo tangu napanda ndege ile ya kwanza. Nikamwuliza, "Akusamehe nini, mjomba?" Sijui kama alisikia nilivyomwita.

Akafikiri. Nilimwona anatafuta, anaingia chumba hiki anatoka, anaingia kingine anatoka. Jasho lilimtoka. Mwishowe akasema, "Mimi sijui tena. Yeye anajua. Anisamehe hicho hicho anachokijua."

Mama, harufu ya maini ikaingia ndani. Niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Kosa lile lilikuwa limebaki kwangu peke yangu. Yeye ameshaliweka chini, Waly ana wake na watoto wake Tambacounda, wazee wamekufa, mimi ndiye niliyekuwa nimelishika kwa mikono miwili, namtafuta mwenyewe nimrudishie. Na mwenyewe hana tena mikono ya kulipokea.

Nikamwambia, "Amekusamehe. Yeye mwenyewe ameniambia."

Akaniuliza, "Kweli?" Nikasema kweli. Na wakati nasema, Mama, ilikuwa kweli. Sikudanganya. Dakika moja kabla ilikuwa uongo, na nilipoisema ikawa kweli. Sielewi jinsi ilivyokuwa, na nimeshaacha kujaribu.

Kisha akanigeukia akaniuliza kama kondoo ameshakunywa maji.

Sasa lako. Ulipoingia na sinia ukaketi, ukaniambia kama wanavyoambiana watu wote siku ile, "Maguette, nisamehe haki yako." Niliuona uso wako. Najua hukuomba kama wanavyoomba watu wote. Nikakujibu kwa maneno ya kawaida, nimekusamehe, nawe nisamehe, na nikachukua kipande cha ini. Ukadhani nimekujibu kwa mazoea.

Sikukujibu kwa mazoea. Sijui kama ulikwenda kwake alfajiri au hukwenda. Hujui na wewe. Nilijibu kwa moyo wote, kwa lililokuwapo na lisilokuwapo. Tafadhali usiitoe tena ile shali kuitazama. Ivae. Na mjomba usimwulize tena. Akija na dewenati yake asubuhi, mwitikie, mpe uji.

Mwanao anayekupenda,
Maguette


Kaolack, 20 Juni

Mwanangu,

Sisi hapa ni wazima, mvua ya kwanza imenyesha na paa limevuja palepale pa kila mwaka. Nawe uwe mzima, na Bakary anenepe.

Barua yako naijua kwa moyo sasa. Sitaijibu yote, kuna mengine nikiyagusa machozi yananizuia kuona ninachoandika.

Nataka kukuambia moja tu. Asubuhi hii kaka alitoka chumbani nikajiandaa kama kila siku. Nilikuwa nimeshalishika jibu mdomoni. Akaja, akaketi mkekani, akasema, "Umeamkaje, Ngoné?" Nikasema nimeamka salama. Nikangoja. Hakusema kingine. Hakuomba. Akavuta bakuli lake akaanza kula uji, anatazama mvua.

Nilisimama na upawa mkononi sijui nifurahi au niogope. Labda ni ugonjwa umefika na huko, umemchukulia na hicho kilichobaki. Labda ni lile neno ulilompa limemfikia sasa, kwa njia zake za kuchelewa. Nilitaka kumwuliza, nikakumbuka ulivyosema, nikanyamaza.

Alimaliza bakuli, akalifuta kwa kidole, akaniomba la pili.

Mama yako,
Ngoné